Klia Juu ya Boneti ya Mati: Kazi Inayoharibiwa na Mkono wa Mwisho

Boneti iliyopakwa rangi ya kung'aa ni kioo kilicholazwa kati ya macho ya dereva na barabara. Jua likiwa mbele ya gari na karibu na upeo wa macho, miale hupiga bati, hurudi, na kumwingia dereva machoni kutokea chini, upande ambao kizuia jua cha ndani ya gari hakiwezi kuufunika. Dawa yake inajulikana tangu zamani: bati lifunikwe kwa kitu kisichong'aa, iwe rangi ya mati, stika ya mati au turubai. Dawa hiyo hufanya kazi kwa sababu ya mparuzo wa uso wake. Kwa hiyo boneti nyeusi ya mati inayopigwa klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi linalong'aa, kama zile zinazopita kati ya Uyole, Tukuyu na Kasumulu, imeharibiwa dakika ileile ilipoambiwa imekamilika.

Uchambuzi huanzia kwenye kiti cha dereva. Katika Land Cruiser hardtop, Land Rover ya zamani au pikapu, dereva hukaa juu na boneti imelala karibu sambamba na ardhi. Mstari kutoka katikati ya boneti hadi jichoni hupanda kwa nyuzi 15 hadi 20 hivi. Nuru hurudi kwa pembe ileile iliyoingilia, kwa hiyo jua lililo mbele ya gari kwa kimo cha nyuzi 15 hadi 20 huielekeza taswira yake moja kwa moja machoni. Boneti iliyoinama mbele kwa nyuzi 5 huhitaji jua lililo chini zaidi kwa nyuzi 10. Boneti yenye mgongo uliopinda haina saa maalumu. Karibu kila kimo cha jua hupata sehemu yake ya kumetea.

Wilayani Rungwe, ambako barabara hiyo ya Tukuyu hupita, saa hizo zinafahamika. Tukuyu iko magharibi mwa Dar es Salaam kiasi kwamba jua lake huchomoza takriban dakika 20 baadaye kwa saa ya ukutani, na katika ukanda huu jua hupanda karibu nyuzi 15 kwa saa moja. Asubuhi, basi, mng'ao mkali wa boneti hutokea kati ya saa moja na nusu na saa mbili, na jioni hurudi kwenye saa kumi na moja na nusu. Hizo ndizo saa ambazo kando ya barabara kuna wanafunzi, wachumaji wa chai na akina mama wenye mikungu ya ndizi kichwani.

Barabara kuu inayoshuka kuelekea Kyela hufuata kusini kwa sehemu kubwa, hivyo jua hubaki ubavuni hadi gari likate kona. Barabara zinazoelekea mashariki ndizo zenye shida zaidi. Anayetoka Katumba kwenda Mwakaleli asubuhi hulikabili jua, na akirudi jioni hulikabili tena. Miinuko huongeza tatizo. Gari linalopanda mlima huinua pua, na jua ambalo kwenye tambarare lingekuwa limeshapita kimo cha hatari hurejea ndani yake. Gari likipanda mwinuko wa nyuzi 6, kimo cha jua chenye madhara nacho husogea juu kwa nyuzi 6, na muda wa mng'ao hurefuka kwa dakika 20 na zaidi. Milima ya Rungwe, yenye kilele kinachokaribia mita 3,000, inaipa wilaya miinuko ya namna hiyo kila upande.

Baada ya pembe huja suala la uso wa rangi, na hapa ndipo wengi hukosea. Boneti hurudisha nuru kwa njia mbili. Kwanza, rangi yenyewe hutawanya nuru pande zote. Nyeupe hutawanya nyingi, nyeusi hutawanya kidogo. Pili, ngozi ya juu ya rangi, iwe enameli au klia, hurudisha sehemu ya nuru bila kuitawanya, kama maji yaliyotulia, na sehemu hii haijali rangi iliyo chini yake. Nuru inapoangukia klia wima, takriban 4 kwa mia hurudi. Inapoingia kwa ulalo, kama inavyoingia jua la asubuhi kwenye boneti inayotazamwa kutoka kitini, kiasi hicho hupanda hadi kati ya 17 na 25 kwa mia. Jua ni kali mno hata robo yake, au moja ya sita yake, haitazamiki. Boneti nyeusi inayong'aa na boneti nyeupe inayong'aa zina taswira ya jua ya ukali uleule. Nyeusi huondoa weupe wa jumla uliotanda mbele ya dereva, lakini haigusi mwako wenyewe.

Mparuzo ndio unaougusa. Uso wa mati una vilima na mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho, kila kimoja kikielekeza nuru upande wake. Taswira ya jua huvunjika, na nuru iliyokuwa imekusanyika mahali pamoja hutapakaa. Katika kipimo cha viwanda vya rangi, kinachochukuliwa kwa pembe ya nyuzi 60, rangi ya mati huwa chini ya vizio 10 vya mng'ao, na rangi ya kung'aa huwa juu ya 70. Rangi nyeusi ikikutana na mati, matatizo yote mawili huondoka: weupe wa jumla na mwako.

Sasa uamuzi wenyewe wa kupiga klia. Mpiga rangi amepiga msasa, ameziba mashimo kwa puti, amefunika vioo kwa karatasi na amepuliza nyeusi ya mati kwa mkono ulio sawa. Kazi hiyo haina dosari. Boneti inakauka. Inaonekana kavu, haina uhai, inafanana na sufuria ya masizi. Hapo mwenye gari anasema ipigwe klia ili ipendeze, ama fundi mwenyewe anaipendekeza, akidai kwamba rangi isiyo na klia haidumu. Klia inapulizwa, boneti inameta, na pande zote mbili zinaridhika.

Kilichotokea ni rahisi kukieleza. Klia ni majimaji yanayotafuta usawa kabla ya kukauka. Hujaza mabonde, hufunika vilima na kuacha uso mmoja laini. Mparuzo wote uliolipiwa uko chini yake, salama na bila kazi, kwa kuwa robo ile ya nuru hurudi kutoka juu ya klia kabla haijaufikia. Mwenye gari amelipa fedha ya mati akapewa kioo cheusi.

Wakazi wa Rungwe wana mfano wa jambo hili karibu kila wiki. Wilaya hii ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini, na baadhi ya sehemu zake hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Boneti ya mati iliyonyeshewa humeta kama mpya hadi itakapokauka, kwa sababu maji yamejaza mabonde yaleyale. Lami iliyolowa hufanya vivyo hivyo, na kila dereva aliyewahi kutoka Kiwira mvua inapokatika na jua kuchomoza anaujua ukali wake. Maji yakishakauka, mati hurudi kwenye kazi yake. Klia ni mvua isiyokauka. Anayeipiga juu ya mati ameihukumu boneti yake kulowa mwaka mzima, kiangazi na masika.

Hoja ya kudumu haina budi kujibiwa, kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi. Ni kweli kwamba klia hulinda rangi dhidi ya jua na mikwaruzo. Lakini ziko klia za mati, zilizotiwa chembe zinazouacha uso na mparuzo baada ya kukauka, na ziko rangi za mati za tabaka moja zisizohitaji kitu juu yake. Anayetaka kinga achague mojawapo. Hata boneti ikichuja baada ya miaka kadhaa, kurudia tabaka moja la mati ni gharama ndogo ikilinganishwa na mtoto asiyeonekana kwenye kona ya saa mbili kasoro robo.

Waliotangulia hawakuhitaji kuambiwa haya. Datsun 240Z iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, ilikuwa nyekundu yenye boneti nyeusi. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews walishinda kwa gari la aina hiyohiyo, baada ya kulingana pointi na Harry Källström. Gari lile lilikuwa na boneti ndefu na dereva wake aliketi nyuma kabisa, karibu na magurudumu ya nyuma, hivyo bati lililotanda mbele ya macho lilikuwa kubwa kupita kawaida. Boneti nyekundu inayong'aa ingekuwa mzigo wa siku nzima. Tena mashindano yale yalikwenda mchana na usiku, na taa za ziada za mbele nazo humwaga nuru juu ya boneti. Nyeusi ile haikuwa pambo. Mapambo yalikuja baadaye, pale waigaji walipochukua rangi wakaacha sababu yake.

Land Rover za zamani zilikuwa na jibu jingine, tairi la akiba lililofungwa juu ya boneti. Raba nyeusi isiyong'aa, yenye meno na mabonde, ilikivunja kioo cha bati bila gharama ya rangi. Marubani nao waliutambua mng'ao huo kabla ya madereva wengi. Ndege za kivita za Marekani za Vita ya Pili ya Dunia zilizoachwa bati tupu, kama P-51 Mustang, zilipakwa ukanda wa kijani kizito kisichong'aa mbele ya chumba cha rubani, na sehemu nyingine ikaachwa imete. Mafundi wale hawakupaka ndege nzima. Walipaka kile ambacho jicho la rubani lilikutana nacho.

Kanuni hiyo ndiyo ya kufuata. Eneo la kufunikwa hupatikana kwa kuketi kwenye kiti, mgongo ukiwa sawa, huku mtu mwingine akichora kwa chaki mipaka ya bati linaloonekana. Nje ya mipaka hiyo mati haina kazi. Kwa msingi huohuo, boneti ya mati kwenye Noah au Hiace ni urembo mtupu, kwa kuwa boneti zake ni fupi, zimeinama sana, na dereva karibu hazioni. Fuso haina boneti ya kuzungumziwa.

Magari hayo yana mng'ao wa aina yake, na umeshasemwa mara nyingi bila kusikilizwa: dashibodi. Jua la mchana hupita kwenye kioo cha mbele, hupiga dashibodi, na sura yake hutokea ndani ya kioo kama utando mweupe juu ya barabara. Watengenezaji wa magari huipa dashibodi rangi nyeusi au ya kijivu kizito isiyong'aa kwa sababu hiyo. Kisha hutandikwa manyoya meupe juu yake, au husuguliwa polishi ya mafuta hadi imete. Kitambaa cheusi kisichong'aa hurekebisha yote kwa siku moja.

Katika kuchagua kifuniko cha boneti, rangi hudumu kuliko vyote ikiwa bati limeandaliwa vizuri. Stika ya mati huwekwa na kuondolewa bila kuharibu rangi ya asili, lakini kingo zake zisipokandamizwa sawasawa mvua za Tukuyu huingia chini yake na kuibandua. Turubai jeusi hufaa kwa safari moja, mradi lifungwe lisipeperuke na lisizibe njia za hewa za injini. Si lazima kifuniko kiwe cheusi. Kijani kizito au kahawia nzito ya mati hufanya karibu kazi ileile na hukusanya joto pungufu kidogo kuliko nyeusi. Mati nyeupe huvunja taswira ya jua, lakini huacha uwanja mweupe mbele ya dereva, hivyo haifai.

Utunzaji wa mati ni maji, sabuni ya kawaida na kitambaa laini. Nta na polishi za kung'arishia magari zimeharibu mati nyingi baada ya klia, kwa njia ileile, kwani hujaza mabonde. Kusugua kwa nguvu nako hulainisha vilima na kuacha mabaka yanayometa. Miwani ya polaroidi hupunguza sehemu ya mng'ao, lakini haichukui nafasi ya uso wenye mparuzo.

Kipimo cha mwisho hakifanyiki gereji, gari likiwa kivulini na mtu amesimama akiitazama boneti kutoka juu. Rangi ya mati hafifu huonekana kavu ikitazamwa kutoka juu, kisha humeta ikitazamwa kwa ulalo. Gari litolewe nje asubuhi, lielekezwe kwenye jua lililopanda kidogo, na boneti itazamwe kutoka kitini. Mviringo wa jua ukionekana juu ya bati, kazi irudiwe. Usipoonekana, kazi imekwisha, na kopo la klia lirudishwe kwenye rafu.