Msondo, Sikinde na Wapenzi Wao

Jioni ya siku ya soko, hapa Omurushaka au kule Nkwenda, si ajabu kuwakuta wazee wawili wakishindana kwa maneno, huyu akisema Msondo, yule akisema Sikinde, wala hapana hata mmoja wao aliyepata kuziona bendi hizo kwa macho yake. Dar es Salaam ni mbali nasi, zaidi ya kilomita 1,300. Yote wayajuayo waliyapata kwa redio, tangu zamani za Radio Tanzania, ilipokuwa redio moja ya betri ikikusanya nyumba nne tano jioni. Hata hivyo hubishana kama watu wanaotetea koo zao. Vijana huwacheka. Sisi hatuwacheki, ila twapenda kulipima pendo hilo, tujue limesimama juu ya nini, na kama limewatendea haki wale wanaopendwa.

Kwanza na tukumbuke habari yenyewe. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi, ikaitwa NUTA Jazz, na wapigaji wake wakawa waajiriwa wenye mshahara. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi nayo ikaitwa JUWATA Jazz. Kilipokuja OTTU, ikawa OTTU Jazz. Mwisho ikabaki na jina lile ambalo wapenzi wake walikuwa wakiliita siku nyingi, yaani Msondo Ngoma. Msondo ni ngoma ndefu ya Wazaramo, ipigwayo katika unyago. Sikinde nayo ni ngoma ya Wazaramo, na jina hilo lilichukuliwa na Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978, ambayo baadaye ilikuwa mali ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Tazama basi: wenye mali walibadilika, vibao vya ofisi vikashushwa, lakini majina yaliyodumu ni yale yaliyokuwa vinywani mwa wachezaji.

Wako wanaosema ya kuwa watu hupenda mwimbaji tu, si bendi. Hatukubali. Marehemu Muhidin Gurumo alikuwamo NUTA Jazz tangu mwanzo, na sauti yake ilikuwa kama mlango wa nyumba ile. Mwaka 1978 akavuka kwenda Mlimani Park, pamoja na wenzake. Kama pendo lilikuwa la mtu, Msondo ingalikufa mwaka ule. Haikufa. Hassan Bitchuka naye amevuka huku na huku zaidi ya mara moja, na kila avukapo wapenzi wa upande mmoja hushangilia na wa upande wa pili hukunja nyuso. Lakini wachache ndio waliohama naye. TX Moshi William aliimba Msondo hata alipofariki mwaka 2006, na bendi ikaendelea kupiga. Mwimbaji ni mgeni mheshimiwa. Nyumba ni ya wasikilizaji.

Na walipataje kuwa wenyeji? Kwa maoni yetu ni kwa sababu ya nyimbo zenyewe. Wimbo wa bendi hizi huanza polepole, kama mtu anayeketi kwa jirani kumweleza shida yake: ndoa imeharibika, ndugu amekaa mjini haandiki barua, rafiki amesaliti. Sauti mbili tatu hupokezana, tarumbeta zikaitikia, maneno yakisikika wazi. Kisha, hadithi ikiisha kuelezwa, magitaa huzidisha mwendo na watu wakasimama kucheza. Msikilizaji wa Karagwe hakuwa na haja ya kuuona ukumbi. Shida ile aliijua, ilikuwa nyumbani kwake. Ndipo wimbo ukawa wake.

Hatusemi kila kitu ni chema. Mara nyingi mno katika nyimbo hizi mwanamke ndiye mwenye kosa, na mwanamume ndiye anayelia. Mama zetu wamezisikia miaka mingi, wakazicheza, na hatujui kama kuna aliyewauliza wao wangeimba nini. Wala hatusahau ya kuwa Cosmas Chidumule, aliyewaliza wengi kwa wimbo wa Neema alipokuwa Sikinde, aliacha dansi akawa mwimbaji wa Injili. Wasikilizaji wengine waliona amewakimbia. Sisi twaona alikwenda na kitu kile kile alichojifunza huko, yaani kusema na mtu mmoja mmoja katikati ya watu wengi.

Lakini kosa lililo kubwa si la bendi, ni letu sisi tupendao. Tuna mabaya mawili. La kwanza, hatutaki wimbo mpya. Bendi ikitunga, twasema, “Tupigieni zile za zamani,” kisha twalalamika ya kuwa muziki wa dansi umekwisha. La pili ni zito zaidi. Tulisikia bure. Nyimbo nyingi zilirekodiwa katika studio za redio ya taifa, nazo kanda zilizozunguka mitaani zilikuwa za kunakiliwa tu, senti isimfikie mtunzi. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuja watu wakiwa wamekwisha zeeka. Gurumo alirudi Msondo, akaimba humo hata alipostaafu mwaka 2013, baada ya miaka mingi ya kuimba; ikajulikana ndipo ya kuwa hakupata kuwa na gari. Aliyempa gari hakuwa mmoja wa sisi wapenzi wa miaka yote ile. Alikuwa Diamond Platnumz, kijana wa muziki ule tuusemao hauna adabu. Mwaka uliofuata, Aprili 2014, mzee akafariki.

Twaandika hayo tukiwa na haya, kwa maana hapa kwetu tumefanya vivyo hivyo kwa aliye karibu zaidi. Speke alipofika kwa mfalme Rumanyika mwaka 1861 alizikuta nanga zikipigwa, na wazee wetu waliikuta enanga ingali na heshima: ubao uliochongwa kama mtumbwi mdogo, uzi umepitishwa mara saba au nane, na mpigaji akisimulia matendo ya mashujaa huku wasikilizaji wakimwitikia. Hakwenda nyumbani mikono mitupu.

Mwaka huu tulialikwa arusini katika kijiji kimoja cha Kyerwa. Mzee mpiga enanga aliitwa, akawekewa kiti karibu na kipaza sauti. Akapiga nyimbo mbili. Alipokuwa akifunga uzi kwa wa tatu, wazee wa meza ya mbele walimwashiria kijana wa mitambo aweke Sikinde. Ndiyo, wazee, si vijana. Yule mpigaji akaitia enanga yake katika gunia, akaiegemeza ukutani, akabaki kitini pake. Tulipomtazama, midomo yake ilikuwa ikienda pamoja na Gurumo, neno kwa neno, na hakukosea hata moja.