Hakurudi au Hajarudi? Askari Aliyepotea Vitani katika Maandishi na Masimulizi ya Pwani

Katika Barabara ya Jomo Kenyatta mjini Mombasa imesimama sanamu ya ukumbusho wa askari Waafrika na wapagazi wa vita vya 1914-1918. Nairobi na Dar es Salaam zina sanamu za namna hiyo hiyo, na zote tatu ni za mwishoni mwa miaka ya 1920. Maandishi yake yalitungwa kwa Kiingereza na Rudyard Kipling, kisha yakatiwa katika Kiswahili. Yanamwambia askari kwamba akipigania nchi yake, ijapokuwa atakufa, wanawe watalikumbuka jina lake. Wapagazi nao wanasifiwa kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi.

Wasomaji wa maandishi hayo wamekwisha kuuliza mara nyingi, na kwa haki, nchi inayotajwa ilikuwa ya nani. Liko swali jingine ambalo halijaulizwa vya kutosha, nalo ni la lugha. Ahadi nzima imetundikwa juu ya maneno mawili, "wana" na "jina". Kijana aliyechukuliwa kutoka kijijini kabla ya kuoa hakuwa na mwana wa kumkumbuka. Jina lake nalo halikuchongwa, maana sanamu hizo hazitaji askari wala mpagazi hata mmoja. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake ya Aprili 2021 kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa vita hivyo, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Basi maandishi yanaahidi kumbukumbu ya jina penye jiwe lisilo na jina. Huo si udhaifu wa tafsiri. Kiswahili chake kimeitii asili yake, na ndiyo sababu kasoro ya asili imeonekana wazi zaidi.

Upande wa bara la Pwani ulikuwa na sababu zake za kuitilia shaka ahadi hiyo. Baada ya Wagiriama kushindwa katika vita vya 1914, masharti ya amani waliyowekewa yalikuwa pamoja na faini ya rupia 100,000 na kutoa wanaume 1,000 wa kuchukua mizigo ya jeshi. Kikosi cha wachukuzi hao kwa Kiingereza kiliitwa "Carrier Corps". Watu wakalitamka "Kariakoo", na leo jina hilo ni la mtaa na soko kubwa la Dar es Salaam. Lugha ya watu ilifanya kwa mdomo jambo ambalo mchongaji hakulifanya kwa patasi: iliwatunza wapagazi, ingawa kwa mkumbo, si mmoja mmoja.

Vita vya pili vilileta upotevu wa namna nyingine. Mwanzoni mwa Februari 1944 meli Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini kuelekea Ceylon, ikiwa imepakia watu zaidi ya 1,500. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-27, ikazama kwa muda usiozidi dakika mbili hivi. Watu 1,297 walikufa. Safari hii majina yaliandikwa, lakini yaliandikwa Nairobi, katika ukumbusho wa makaburi ya vita. Mtu wa Magongo, ng'ambo ya Makupa, ambaye gati za Kilindini ziko karibu naye kuliko soko la kisiwani, angelazimika kupanda gari moshi usiku kucha ili alisome jina la kijana aliyeondokea hapo jirani.

Je, fasihi andishi ya Kiswahili imempokea kijana huyo? Jibu la haraka ni kwamba utenzi ndio utanzu wetu wa vita, na tenzi hazikosekani. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga juu ya vita vya Wadachi, Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya Maji Maji, Shaaban Robert juu ya vita vya 1939 hata 1945 katika Utenzi wa Vita vya Uhuru uliochapishwa 1967, na Henry Muhanika juu ya vita vya Kagera. Lakini utenzi wa vita una kanuni zake. Unafungua kwa dua, unaeleza chanzo, unasimulia mapigano, unafikisha ushindi au msiba, kisha mtunzi anajitaja. Mwendo wake ni wa -ka-: wakaenda, wakapiga, wakafa. Kila tendo linasukuma tendo linalofuata. Aliyepotea hana tendo la mwisho la kusukumwa, hana "akafa" yake, na kwa hiyo utanzu hauna mahali pa kumweka. Shaaban Robert, ambaye hakuna atakayemshuku kwa ukosefu wa huruma, alivitazama vita kama ugomvi wa haki na udhalimu ulioenea dunia nzima. Kwa kimo hicho mtu mmoja haonekani. Inafaa kukumbuka pia kwamba, kwa desturi ya tenzi, jina ambalo haliwezi kukosa ni la mtunzi mwenyewe.

Ni katika usemi wa nyumbani ndipo kijana huyo anapopata sarufi yake. Neno "kupotea" lenyewe ni zito. Huwa ni kukosa njia, huwa ni kuangamia, na "mpotevu" ni mtu aliyeacha mwenendo mwema. Mzazi anayechelea kumtia mwanawe lawama hulikwepa, akasema "hakuonekana". Lililo kubwa zaidi ni hitilafu ya "hakurudi" na "hajarudi". La kwanza limefunga hesabu. La pili, kwa ile -ja- yake, linamwacha kijana njiani hata ikipita miaka arubaini. Vitabu vya sarufi hueleza kwamba -ja- huonyesha tendo ambalo halijatimia mpaka sasa, vikaishia hapo. Havisemi kwamba ukanusho huo waweza kuwa maombolezo, au kukataa kuomboleza. Sanamu inanena kwa -ta- na utenzi kwa -ka-, lakini mama ananena kwa -ja-, na wahakiki wameyasoma maandishi mawili ya kwanza tu.

Wamijikenda wana njia nyingine isiyohitaji sarufi wala mwili wa marehemu. Kigango, nguzo iliyochongwa, husimamishwa kwa ajili ya mzee wa chama cha gohu. Marehemu wa kawaida hupata koma, kijiti kisicho na nakshi. Kigango si alama ya kaburi. Husimamishwa penye mji wa marehemu, na mara nyingi ni baada ya marehemu mwenyewe kumjia jamaa yake ndotoni na kudai. (Asitokee mtu akaunga "vigango" na jina la Magongo kwa kufanana kwa sauti tu. Gongo ni fimbo nene, na etimolojia ya kubahatisha imekwisha kutuharibia majina ya kutosha.) Kijana hakuwa wa gohu, kwa kuwa hakuwahi kupata umri wala mali ya kuingia chamani. Haki yake ni koma. Wakusanyaji na wezi wa sanaa, waliovipeleka vigango mpaka majumba ya makumbusho ya Marekani, mara nyingi waliviacha vijiti hivi vilivyo wazi, kwa kuwa havikuwa na nakshi ya kuuzika.

Koma haina maandishi. Jina hutajwa kwa mdomo wakati wa kumwaga tembo, na huishi muda ule tu ambao yuko mtu wa kulitaja. Magongo ni mtaa wa vyumba vya kupanga, na watu wake wametoka Rabai, Kaloleni, Ukambani, Taita na Nyanza kufuata kazi za bandari. Koma zao wameziacha miji walikotoka. Mtafiti atakayekwenda huko na chombo cha kunasia sauti asianze kwa kuuliza juu ya mashujaa. Aulize ni nani katika nyumba hiyo ambaye hajarudi, kisha aandike kitenzi kama kilivyotamkwa.