Jembe Lisiloonekana: Uhakiki wa Kambi ya Watalii katika Nchi ya Karatu na Ngorongoro

Uhakiki wetu umezoea kushughulika na riwaya, ushairi, tamthilia na ngoma. Mara chache umeigeukia kambi ya watalii, ingawa hiyo nayo ni kazi ya sanaa. Ina mandhari, wahusika, lugha na dhamira, na kila usiku huchezwa mbele ya hadhira iliyolipa kiingilio kikubwa. Makala haya yanaichambua kambi ya namna hiyo, kama inavyojengwa katika nyanda za juu za Karatu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro na kandokando ya Ziwa Eyasi, kwa kuuliza swali moja: je, katika tamthilia hiyo mwenyeji amepewa nafasi gani?

Tuanze na fani. Mandhari ya kambi ni hema kubwa la turubai lililosimamishwa juu ya jukwaa la mbao. Ndani mna kitanda chenye chandarua, sanduku la ngozi la mtindo wa kale, taa iliyoigwa na chemli, na pengine bafu la ndoo ambalo mtumishi hulijaza maji ya moto mgeni anapoita. Vifaa hivi havikuchaguliwa kiholela. Vinakumbusha safari za uwindaji za wakati wa ukoloni, za aina ile aliyoieleza Ernest Hemingway katika kitabu chake Green Hills of Africa cha mwaka 1935, baada ya kuwinda pande za Ziwa Manyara. Filamu ya Hatari! ya mwaka 1962, iliyopigwa katika nchi yetu hii hii, iliyapeleka maisha hayo katika majumba ya sinema ya dunia nzima. Katika safari za awali hema lilibebwa vichwani na wapagazi. Leo hema limehifadhiwa kwa uangalifu mkubwa, lakini mpagazi ameondolewa katika picha.

Haki inatutaka tukiri kwamba fani hii ina uzuri wake. Hema halichimbi msingi, halikati mlima, na likiondolewa nyasi huota tena mahali pake. Ni wepesi ambao hoteli nyingi za mawe na saruji hazina. Basi kasoro tunayoitafuta haimo katika turubai, imo katika hadithi inayosimuliwa chini ya turubai hilo.

Lugha ya hadithi hiyo ni ya kukopa kwetu. Neno “safari” ni letu. Kwa Mswahili, kwenda Mbulu kumzika shangazi ni safari, na kupeleka vitunguu vya Mang’ola sokoni ni safari vilevile. Katika kinywa cha dunia neno hilo limebanwa hata likabaki na maana ya kwenda kutazama wanyama tu. Salamu nayo imepatwa na mkasa huo huo. “Hujambo” ni swali. Linamtaka mwulizwaji ajibu, kisha naye aulize habari za nyumbani. “Jambo” tupu halina swali wala jibu. Wimbo wa Jambo Bwana, uliotolewa na kundi la Them Mushrooms la Kenya mwaka 1982, ni wimbo wa kuchangamsha, nao haustahili lawama. Linalostahili lawama ni kuugeuza wimbo mmoja uwe ndio Kiswahili chote. Kijana anayesema Kiiraqw nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza kazini hupewa neno moja alirudierudie kama kasuku.

Tukija kwa wahusika, wakuu ni wawili: mgeni na mnyama. Mmasai huingia jioni na mkuki wake kumsindikiza mgeni hemani. Mhadzabe hutembelewa alfajiri akiwa na upinde, na Mdatoga akiwa mbele ya moto wa uhunzi. Mwiraqw, ambaye ndiye mwenyeji wa sehemu kubwa ya Karatu, haonekani kabisa, au huonekana amebeba sinia. Sababu haiko mbali. Yeye analima, nyumba yake ina bati, na watoto wake wamevaa sare za shule. Kwa macho ya mtunzi wa tamthilia hii, hana “asili” ya kutosha.

Hali watu hawa wana sanaa ya kumtosha mhakiki yeyote. Wazee wao walichimba nyumba ubavuni mwa kilima na kuziezeka paa tambarare la udongo, ili adui apite asizione. Wasichana waliotawishwa walishona sketi za ngozi na kuzipamba kwa shanga. Upo pia utungo wa slufay, sala ya kishairi ambayo msemaji huiongoza na kundi huitikia. Sanaa hizi haziwezi kubanwa katika onyesho la nusu saa. Slufay hasa haitaki mtazamaji, hutaka mwitikiaji.

Sasa tuingie katika maudhui. Dhamira kuu ya kambi ni pori tupu: nchi ambayo haijaguswa na mtu tangu kuumbwa. Dhamira hiyo inakanushwa na ardhi yenyewe. Nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa mwaka 1978, zinaonyesha kwamba viumbe wa ukoo wa binadamu walipita hapo kwa miguu miwili yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Huko Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, imebaki mifereji ya mawe ya wakulima wa karne nyingi zilizopita. Na hifadhi ya Ngorongoro yenyewe iliundwa mwaka 1959 kwa shabaha kwamba watu, mifugo na wanyama wa porini wakae pamoja.

Katika hifadhi hiyo kilimo kilikatazwa mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kikakatazwa tena mwaka 2009. Na tangu mwaka 2022 kaya nyingi zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Zipo hoja za uhifadhi na zipo hoja za haki ya mwenyeji, na ni lazima zote zipimwe kwa uzito wake. Lakini mhakiki ana wajibu wa kusema hili: picha ya pori tupu, ikirudiwa kila usiku mbele ya watu wenye sauti duniani, huwazoesha kuona kwamba kuwapo kwa mwenyeji ni dosari katika mandhari.

Mjadala huu si mpya. Mwaka 1970 wananchi walibishana katika gazeti la The Standard kama utalii unapatana na ujamaa, na hoja zao zikakusanywa katika kitabu kilichohaririwa na Issa Shivji. Katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha taifa lilijenga hoteli zake Seronera, Lobo na Ngorongoro. Jawabu hilo lilihusu umilikaji: jumba ni la nani na fedha zinakwenda wapi. Swali la nani anatunga hadithi anayosimuliwa mgeni lilibaki bila jawabu.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakukusudia kumtesa mgeni. Walikusudia kwamba anayekaa kwetu aijue kazi inayomlisha. Kambi imeupindua usemi huo. Mgeni hukaa hata siku kumi asilione jembe, wala asijue kwamba lipo. Anapita Karatu kwa gari, katikati ya mashamba ya mahindi, maharage na kahawa, akiambiwa kwamba Afrika yenyewe iko mbele.

Hatudai mgeni alimishwe. Tunadai kambi iseme kweli juu ya mahali iliposimama. Itaje kijiji kilichotoa kahawa inayonywewa. Mpishi atoke jikoni aeleze chakula cha kwao. Wajenzi wajifunze kwa nyumba ya Mwiraqw iliyojificha ardhini, kwani hiyo nayo ni nyepesi kwa mazingira kuliko majumba mengi. Mzee wa Daa au Rhotia aalikwe kando ya moto kama mwenye nyumba, azungumze kwa Kiiraqw au Kiswahili, na mkalimani afanye kazi yake. Siku mwenyeji atakapouliza “Hujambo?” na kungoja jibu, kambi itakuwa imeanza kuwa sehemu ya utamaduni wa taifa hili.