«Feza» ya Émile Zola: nani amerudisha?

Wasomaji wengine watashangaa kuona jina la Zola katika kurasa hizi. Vitabu vyake vilitiwa zamani katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa na Kanisa, na hata katika hiki mna kurasa ambazo mseminari afazali azipite mbio. Lakini L'Argent, maana yake Feza, kilichotoka mwaka 1891, kinatuhusu kuliko tunavyopenda. Banki inayoanguka humo ni banki ya wakatoliki.

Zola hakuitunga bure. Mwaka 1878 Bwana Bontoux alishika uongozi wa Union Générale, apate kukusanya feza za wakatoliki wa Ufaransa. Mwanzo wa mwaka 1882 ikaanguka. Mwandishi ameipeleka nyuma, wakati wa Napoléon III, akaiita Banque Universelle na kuitia mikononi mwa Saccard. Pamoja naye yuko Hamelin, mhandisi mwenyi ibada ya kweli, anayeota kujenga njia za reli huko Mashariki, na mwishoni kumweka Baba Mtakatifu Yerusalemu. Saccard hasali. Ndoto ya mwenzake anaiuza.

Hisa moja ilianza kwa franka 500, ikapita 3,000. Kwa namna gani? Banki ilinunua hisa zake yenyewe kwa siri, kwa majina ya watu wengine. Beyi ikapanda, lakini kazi haikuongezeka. Saccard anawalaani Wayahudi kila mara kwa ajili ya tajiri Gundermann aliyemshinda. Msomaji asimeze matusi hayo: kitabu chenyewe kinaonyesha wazi kwamba banki ilijiua.

Kurasa zilizotugusa zaidi ni za Dejoie, mtumishi wa mlangoni. Alitaka franka 6,000 tu za kumwoza binti yake (kwao wakati ule ni baba wa binti ndiye aliyetoa mali). Alipozipata hakuuza hisa, akangoja zaidi. Akapoteza feza, akapoteza na binti. Kuna pia mama mmoja wa ukoo mkubwa, Beauvilliers, aliyeuza shamba lake la mwisho. Hawa si wanyanganyi. Ni watu wa Misa ya Dominika, waliosadiki banki kwa sababu ilinukia ubani.

Je, kuna kutubu? Katika kifungo Saccard anaongea hesabu tu, kwamba angaliongezewa mamilioni machache angalishinda. Kisha anaenda Uholanzi kuanza kazi nyingine kubwa. Kwa kinywa cha Bibi Caroline, dada ya Hamelin, Zola anafananisha feza na mbolea inayootesha uzima. Hapo hatumfuati. Mbolea haina jina, Dejoie analo.

Anayetubu ni mmoja, naye hakutenda zambi ile: Princesse d'Orviedo, mjane wa mtu aliyejitajirisha kwa wizi. Anaapa kuwarudishia maskini yote, na mwishoni anaingia Karmeli. Zola anamchora kama mtu aliyerukwa na akili kidogo. Sisi tunaona kwamba yeye peke yake ameuliza ulizo la Zakayo: feza hii ni ya nani? Zakayo aliahidi mara nne, kwa yule aliyemzulumu. Princesse hawezi kuwajua waliozulumiwa. Lakini walimu wetu wa maadili wanafundisha tangu zamani kwamba mwenyi mali asipojulikana, maskini wapokee pahali pake. Mwandishi angalijua fundisho hilo, asingalimcheka upesi hivi. Kosa lake ni lingine: anajenga nyumba kama majumba ya wafalme kwa watoto asiowajua. Victor, mwana wa Saccard aliyeachwa, anapokelewa humo, anatenda ubaya mkubwa na kukimbia.

Mtu wa kuogopesha zaidi kwa padri ni Hamelin. Alitia sahihi hesabu alizojua si sawa, kisha akarudi Mashariki katika kazi zake njema. Akahukumiwa pamoja na Saccard, akapokea yote kama mapenzi ya Mungu. Mwishoni yuko Roma, anafanya kazi na kusali. Wala haulizi Dejoie amekuwa namna gani.