Kipande cha Katikati

Zikitajwa dawa za aina ya PROTAC, sifa zote huenda kwenye ncha zake mbili. Moja hunasa protini inayoleta ugonjwa. Nyingine hushika ligesi ya E3, kimeng'enya kinachozibandika alama ya ubikwitini protini ambazo seli inataka kuzitupa. Protini ya ugonjwa ikishapigwa alama hiyo, hupelekwa kwenye protiasomu ikakatwakatwa. Craig Crews, Raymond Deshaies na wenzao walionyesha mwaka 2001 kwamba jambo hili linawezekana. Mimi nakisifu kiungo cha katikati, ambacho kwenye michoro huwa kimstari kilichopindapinda, hata jina hakiandikiwi.

Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Kiungo kikiwa kifupi mno, protini mbili hugongana kabla hazijashikwa zote. Kikizidi urefu, zinashikwa sawa, ila zinaning'inia mbalimbali na alama haipati pa kukaa. Urefu unaofaa haupatikani kwa fomula. Mkemia huunda molekuli moja baada ya nyingine, akiongeza atomi mbili tatu, kisha huzitia kwenye seli aone ni ipi iliyofuta protini.

PROTAC ninayoipenda ni MZ1, kazi ya maabara ya Alessio Ciulli huko Dundee, Uskoti, iliyotangazwa 2015. Ncha yake ya kunasa imetokana na molekuli ya JQ1, ambayo haichagui: protini ndugu BRD2, BRD3 na BRD4 zote huzishika karibu sawasawa. Ncha ya pili hushika ligesi ya E3 iitwayo VHL. Kati ya ncha hizo kuna vipande vitatu tu vya ethilini glaikoli, kemikali ya kawaida kabisa. Lakini MZ1 huiondoa BRD4 zaidi kuliko ndugu zake. Imejifunzia wapi kuchagua? Muundo wa fuwele ya MZ1 ikiwa imezishika BRD4 na VHL, uliochapishwa 2017, ulitoa jibu: kiungo hakikunyooka. Kilikuwa kimejikunja, na BRD4 na VHL zimebanana, zikishikana zenyewe mahali ambapo dawa haikugusa.

Maabara hiyohiyo ikaenda mbele. Mwaka 2020 waliongeza kiungo cha pili, molekuli ikawa duara, imekwisha kujikunja kabla ya kufika. Ikishika BRD4 peke yake, nguvu yake ilipungua mara 12. Ndani ya seli ilifanya kazi karibu sawa na MZ1. Kwangu mimi huo ndio ufundi: kukubali kupoteza kwenye ncha ili upate katikati.

Tatizo ni kwamba MZ1 ina uzito wa daltoni 1,000 hivi, mzigo mkubwa kwa dawa ya kumeza. Ndiyo maana PROTAC nyingine, ARV-110, iliyoanza kujaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume mwaka 2019 kama dawa ya kumeza, haina nyuzi laini za glaikoli. Kiungo chake ni pete mbili ngumu, piperidini na piperazini, zilizoungwa kwa kaboni moja.