"Kati" na "Katikati": Utata wa Istilahi katika Ufundishaji wa Nukta za Mstari Mmoja

Jiometri ya awali hufundisha kanuni inayoonekana nyepesi: nukta A, B na C zikiwa kwenye mstari mmoja mnyoofu, AB + BC = AC. Ikielezwa hivyo, kanuni hii ni pungufu. AB ikiwa sentimita 5 na BC sentimita 3, AC yaweza kuwa 8 au 2, kutegemea upande wa B ilipo C. Sharti linaloachwa ni kwamba B iwe kati ya A na C. Euclid mwenyewe hakulifafanua. Moritz Pasch alilitungia misingi mwaka 1882, na David Hilbert akaliingiza katika mfumo wake wa mwaka 1899.

Katika Kiswahili, ugumu huongezwa na mazoea ya kubadilishana "kati ya" na "katikati ya". Sentensi "B iko katikati ya A na C" yaweza kumaanisha kwamba B iko popote ndani ya kipande AC, au kwamba inakigawa nusu kwa nusu. Mwanafunzi wa Gatumba hukutana na utata huohuo katika neno la Kirundi *hagati*, ilhali Kifaransa cha darasani hutenganisha *entre* na *milieu*.

Mfano wa barabara nao wahitaji tahadhari. Gatumba iko kwenye barabara ya Bujumbura hadi Uvira. Kilomita za barabara za sehemu hizo mbili hujumlika kuwa safari nzima, lakini hilo halithibitishi kwamba miji hiyo imenyooka: barabara huzunguka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Umbali ukipimwa moja kwa moja, jumla ya vipande viwili huzidi umbali wa Bujumbura hadi Uvira. Tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe, nayo hupotea mwalimu asipotaja kinachopimwa.

Inafaa basi "kati ya" itengewe mahali pa nukta, na "katikati" igawiwe nukta ya nusu pekee. Burundi ikiwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, usanifishaji huo wastahili kupitia Kamisheni ya Kiswahili iliyoko Zanzibar. Pasipo uamuzi, swali moja la mtihani litakuwa na majibu mawili, na atakayeadhibiwa ni mtoto aliyefikiri sawasawa.