Neno "Iniquitous": Si Ubaya Mtupu

Liko neno moja la Kiingereza lisilosikiwa mara nyingi, nalo ni "iniquitous". Sisi walimu tumezoea kulifasiri "baya sana", kisha twapita. Fasiri hiyo haitoshi, kwani yaacha kiini cha neno lenyewe.

Kosa hili tulilifanya sisi wenyewe. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba mvua iliyoharibu mahindi ya baba yake ilikuwa "iniquitous", nasi tukamwandikia kuwa amepata. Baadaye tulipolichungua neno, tuliona aibu: mtoto alifuata tulivyomfundisha.

Asili yake ni Kilatini. "Aequus" maana yake ni sawa, kama uwanja usio na kilima wala bonde. Katika neno hilo ndimo ilimotoka hata Ikweta, mstari ule upitao Kenya na Uganda, uigawao dunia nusu mbili zilizo sawa. Likitiwa "in" ya kukanusha mbele yake, sauti ya kati hugeuka, likawa "iniquus", yaani isiyo sawa. Kaisari alilitumia katika habari za vita vyake, akitaja mahali pasipofaa kupigania. Warumi walilitumia pia kwa hakimu aliyeelemea upande mmoja.

Waingereza waliposhika neno hili, walishika zaidi maana hiyo ya pili. Kwa hiyo mvua haiwezi kuitwa hivyo, maana haimhukumu mtu. Lakini wale waliopinga biashara ya watumwa, hata Bunge la Uingereza likaipiga marufuku mwaka 1807, walilitumia kwa haki. Biashara ile haikuwa mbaya tu: ilimhesabu huyu kuwa mtu, na mwenzake kuwa mali.

Wala hatuna haja ya kwenda Roma kulifahamu. Mwenye duka akimjazia tajiri pishi na kumpunguzia mjane, wazee husema, "Jambo hili si sawa." Hawakusoma Kilatini, lakini wamelifikia shina la neno.

Basi, walimu wenzetu, tusiwape watoto "baya sana" tena. Tuwafundishe kuuliza kwanza: Ni nani aliyepunjwa haki yake, na ni nani aliyempunja? Wasipowaona wawili hao, na watafute neno jingine.